Kimelea kinakula nini kwa samaki? DNA, isotopu za mwili mzima au isotopu za asidi amino

Anayepasua dagaa wa Ziwa Victoria hachelewi kukutana na tegu mweupe aliyejikunja ndani ya tumbo, mrefu ajabu kwa samaki mdogo kiasi kile. Ni Ligula intestinalis. Wavuvi wanamjua, wachuuzi wanamjua, na mwanafunzi wa uvuvi wa Mwanza, Kisumu au Jinja anayetafuta mada ya utafiti humfikia mapema. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: tegu huyu anakula nini hasa? Anategemea chakula alichomeza dagaa jana, au anautafuna mwili wa dagaa mwenyewe kidogo kidogo? Ugumu unakuja pale unapotakiwa kuandika kwenye pendekezo la utafiti njia utakayotumia na bajeti yake.

Njia tatu ndizo zinazowasumbua wengi. Ya kwanza ni kusoma DNA ya mlo uliomo ndani ya kimelea. Ya pili ni kupima isotopu thabiti (aina nyepesi na nzito za atomu zilezile) za kaboni na nitrojeni katika mwili mzima wa kimelea na katika viungo vya samaki. Ya tatu ni kupima isotopu hizo hizo ndani ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, moja moja. Zote ni njia halali, zote zimechapishwa, na kila moja ina watu wanaoitetea kana kwamba nyingine hazina maana. Msimamo wangu niuseme mapema: uchaguzi huu uanzie kwenye mdomo wa kimelea, au kwenye kukosa kwake mdomo. Suala la mashine lifuate baadaye.

Vimelea vitatu tutakavyotembea navyo

Ili ulinganisho usielee hewani, nimechagua vimelea vitatu vinavyokula kwa namna tofauti kabisa.

Wa kwanza ni huyo Ligula. Hana mdomo, hana utumbo. Hufyonza virutubisho kupitia ngozi yake akiwa kwenye uwazi wa tumbo la samaki, nje ya utumbo. Dagaa humpata kwa kumeza kopepodi (mnyama mdogo sana anayeelea majini) aliyeambukizwa, na safari ya tegu humalizikia kwa ndege mla samaki, kama mnandi. Ndani ya ndege hukaa siku chache tu, akataga mayai. Maana yake ni kwamba karibu mwili wake wote umejengwa ndani ya samaki. Kwa mtu wa isotopu hiyo ni bahati kubwa.

Wa pili ni isopodi wa familia ya Gnathiidae, wanyama wadogo wa jamii ya kamba na kaa wanaoishi kwenye miamba ya matumbawe. Lava wake, yaani mtoto ambaye hajakomaa, humrukia samaki, hufyonza damu, kisha hujiachia na kwenda kujificha chini akayeyusha mlo na kujivua gamba. Hufanya hivyo mara tatu, kila mara huenda akawa na samaki mwingine. Akishakuwa mzima hali tena. Ni hao hasa wanaoliwa na samaki wasafishaji: mwaka 1996 Alexandra Grutter alionyesha kwamba msafishaji mmoja wa Labroides dimidiatus katika Great Barrier Reef, Australia, hula wastani wa vimelea wapatao 1,200 kwa siku, wengi wao wakiwa hao. Msafishaji huyo huyo yupo pia kwenye miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Wa tatu ni lava wa mnyoo wa jenasi ya Contracaecum, anayepatikana kwa sato na perege wa maziwa kama Naivasha na Baringo, mara nyingi karibu na moyo. Ana mdomo na utumbo, lakini yupo katika hatua ya kusubiri aliwe na mwari au mnandi. Anaweza kukaa muda mrefu akila kidogo sana.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo yale yale. Inajibu swali gani. Inaona muda gani wa nyuma, saa au miezi. Inahitaji sampuli ya ukubwa gani na inahifadhiwaje. Inagharimu nini kwa fedha na kwa ujuzi. Inapotosha wapi. Mwishoni, inamfaa nani.

Kuna hatua moja ambayo siihesabu kuwa njia ya kuchagua, kwa sababu kila mtu ataipitia: hadubini. Kabla ya kulipia kipimo chochote, mtambue kimelea hadi jenasi angalau, tazama sehemu zake za mdomo, tazama kama utumbo upo na una rangi gani, andika alikuwa kwenye kiungo gani cha samaki na katika hatua gani ya maisha. Nusu ya maswali yanayopelekwa maabara yanajibiwa hapo. Isopodi mwenye utumbo mwekundu ametoka kunywa damu, na hilo halihitaji mashine ya mamilioni.

DNA ya mlo

*Inachojibu.* Nani aliliwa. Unatoa DNA kwenye utumbo wa kimelea, unazidisha kipande cha jeni kinachotofautisha spishi, kama COI, 12S au 16S, kisha unakilinganisha na hazina za kumbukumbu kama GenBank na BOLD. Kwa isopodi wa miamba, ambaye ukimkuta mchangani hujui ametoka kwa samaki yupi, hakuna njia inayoikaribia hii. Hata samaki usiyemwona kwa macho unaweza kumjua kwa tone la damu lililobaki. Inafaa pia upande wa pili wa uhusiano: DNA ya chakula kilichomo tumboni mwa samaki inaweza kuonyesha alimeza kopepodi gani, yaani njia aliyopitia kimelea kuingia.

*Muda.* Mfupi. Ni mlo wa mwisho, kwa saa au siku kadhaa, kabla DNA haijavunjwavunjwa na umeng'enyaji. Isopodi aliyekula mara tatu kwa samaki watatu atakueleza habari za samaki wa mwisho tu.

*Sampuli.* Ndogo sana inatosha, hata lava mmoja. Ethanoli ya asilimia 95 inahifadhi vizuri, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayefanya kazi visiwani au mwaloni ambako umeme wa friza haueleweki. Fomalini usiitumie. Inaharibu DNA.

*Gharama.* Ya kati, na ujuzi wake sasa umeenea. Maabara za biolojia ya molekuli zipo kwenye vyuo vikuu na taasisi kadhaa za ukanda huu, hivyo kazi nyingi inaweza kufanyika nyumbani.

*Inapopotosha.* Kwa Ligula njia hii haina pa kushika. Hana utumbo, hakuna mlo wa kuusoma, na DNA ya dagaa utakayoipata ni ya majimaji yaliyomgusa. Kwa Contracaecum anayesubiri, ukipata DNA ya sato umethibitisha alikuwa ndani ya sato, jambo ulilolijua ulipompasua. Tena DNA inakwambia nani, haikwambii kiasi gani wala kama kilichomezwa kilijenga mwili. Na kwa Ziwa Victoria kuna tatizo la pekee: furu wake, mamia ya spishi, wametofautiana katika kipindi kifupi sana, kwani ziwa lilikauka na kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita. Kipande kimoja cha jeni hakiwatenganishi. Ukitegemea COI peke yake utaishia kuandika "furu" na kuishia hapo.

*Inamfaa* anayeshughulika na vimelea vyenye utumbo, hasa vile vinavyohama kutoka samaki mmoja kwenda mwingine, na anayetaka orodha ya wenyeji, yaani samaki wanaobeba kimelea.

Isotopu za mwili mzima

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayochaguliwa mara nyingi na ndiyo inayotumiwa vibaya mara nyingi.

Nitrojeni ya asili ni mchanganyiko: karibu asilimia 99.6 ni nitrojeni-14, na iliyobaki ni nitrojeni-15 iliyo nzito kidogo. Mnyama anapovunja protini na kutoa taka, huipoteza zaidi ile nyepesi. Kwa samaki taka hiyo ni amonia inayotokea kwenye matamvua. Nzito hubaki mwilini. Ndiyo sababu kila anayekula mwenzake huwa na nitrojeni-15 nyingi kuliko aliyeliwa. Kazi za DeNiro na Epstein za mwaka 1978 na 1981 zilijenga msingi huu, na mwaka 2002 David Post alikusanya vipimo vingi na kupata wastani wa ongezeko la sehemu 3.4 kwa elfu kwa nitrojeni na 0.4 kwa elfu kwa kaboni katika kila ngazi ya mlo, yaani kila hatua ya nani anamla nani. Kaboni, kwa kuwa haibadiliki sana, hutumika kuonyesha chakula kilianzia wapi. Mafunjo ya kando ya ziwa, kwa mfano, yana alama ya kaboni iliyo mbali na ile ya mimea mingi ya nchi kavu.

*Inachojibu.* Mwili wa kimelea umejengwa kwa nini, kwa wastani, na kinasimama wapi ukikilinganisha na samaki aliyekibeba.

Sasa onyo. Ile 3.4 imetokana na wanyama wanaomeza, wanaomeng'enya na kutoa taka kwa njia ya kawaida. Tegu hafanyi hivyo. Anapokea asidi amino ambazo samaki amekwisha zivunja na kuzipanga, anazitumia kujenga mwili kama zilivyo, na nguvu zake anazitoa zaidi kwenye sukari, ambayo huiweka akiba kwa wingi katika umbo la glikojeni. Nitrojeni haipiti kwenye kichujio kile kinachoongeza nzito. Matokeo yake mategu wengi huonekana na nitrojeni-15 sawa na ya samaki au pungufu yake. John Pinnegar, Nicholas Polunin na wenzao walikwisha kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba vimelea vya samaki havifuati kanuni hii, na uchambuzi wa David Thieltges na wenzake wa mwaka 2019 uliolinganisha jozi nyingi za vimelea na wenyeji ulikuta tofauti pana kutoka kundi hadi kundi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kipimo cha nitrojeni-15 cha mnofu wa dagaa ni 9.0 kwa elfu, tegu aliyemo ni 7.5. Ukitumia 3.4 bila kufikiri, utaandika kwamba tegu yupo karibu nusu ngazi chini ya dagaa anayemla. Haiwezekani. Lakini namba yenyewe si kosa la mashine. Inakueleza kuhusu namna ya kula, mradi usilazimishe fomula. Ukiisoma kama ngazi, umeharibu. Ukiisoma kama dalili kwamba tegu anapokea asidi amino zilizo tayari, umepata jambo la kuandika.

*Muda.* Mrefu, na unategemea kiungo. Mnofu wa samaki hubadilika polepole, kwa miezi, na kwa samaki anayekua hubadilika zaidi kwa sababu nyama mpya inaongezwa juu ya ya zamani. Ini hubadilika haraka zaidi, kwa wiki. Kwa hiyo swali la ulinganishe kimelea na kiungo gani lina uzito kuliko uchaguzi wa mashine. Ligula anaoga katika majimaji ya tumbo yanayopata vyake kutoka damu na ini, basi mpime na ini pamoja na mnofu. Isopodi mnywa damu mpime na damu. Kimelea cha kwenye matamvua au magamba mpime na ute na ngozi. Kumpima kila mmoja na mnofu kwa sababu ndio rahisi kuukata kunaleta tofauti ambazo si za kimelea kabisa, ni za viungo vya samaki vyenyewe.

*Sampuli.* Karibu miligramu moja ya nyama kavu, iliyosagwa na kufungwa kwenye kikopo kidogo cha bati. Ligula mmoja anatosha na kubaki. Isopodi itabidi wakusanywe kadhaa, na hapo unapoteza habari ya mmoja mmoja. Hifadhi kwa kugandisha, kisha ukaushe kwa nyuzi 60 au kwa mashine ya kukausha kwa baridi. Ethanoli na fomalini zina kaboni ndani yake na hubadilisha alama ya kaboni. Kama huna friza, kausha mapema badala ya kuloweka.

Mafuta nayo yana kaboni-13 kidogo kuliko protini, kwa hiyo ini lenye mafuta litaonekana tofauti na mnofu hata kama chakula ni kile kile. Unaweza kuyaondoa kwa kemikali, lakini hilo hugusa nitrojeni kidogo, hivyo wengi hugawa sampuli mara mbili: moja iliyoondolewa mafuta kwa ajili ya kaboni, moja isiyoguswa kwa ajili ya nitrojeni. Kwa isopodi ongeza tatizo la gamba lenye chokaa, ambalo huondolewa kwa asidi kwenye ile sehemu ya kaboni tu. Na isopodi aliyejaa damu ukimpima mzima utakuwa umempima yeye pamoja na mlo wake. Mwache ayeyushe kwanza, au umpasue.

*Gharama.* Kati ya njia mbili za isotopu, hii ndiyo nafuu, na unafuu huo unaruhusu jambo muhimu kuliko ustadi wowote: idadi. Unaweza kupima jozi nyingi za tegu na dagaa wake mwenyewe, dagaa wasio na tegu wa urefu uleule, na planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) ya eneo lile. Pima kwa jozi. Wastani wa mategu ukiwekwa dhidi ya wastani wa dagaa huficha karibu kila kitu.

*Inapopotosha,* mbali na 3.4, ni kwenye msingi wa ziwa lenyewe. Ziwa Victoria halina nitrojeni ya aina moja. Sayanobakteria wanaotengeneza nitrojeni yao kutoka hewani huwa na alama iliyo karibu na sifuri. Kwenye ghuba zinazopokea maji taka ya miji, kama Winam, Mwanza na Murchison, nitrojeni-15 hupanda. Dagaa wa ghubani na dagaa wa maji makuu wanaweza kula chakula cha aina moja na bado wakatofautiana sana. Ukiwachanganya kwenye jedwali moja, utadhani tegu amebadili mlo kumbe boti imebadili eneo. Kuna jambo jingine la kuliangalia: samaki wenye Ligula sehemu mbalimbali wameonekana kubadili mwenendo, wakielea karibu na uso wa maji. Wakihama, mlo wao nao huenda ukabadilika. Kwa hiyo tofauti kati ya dagaa mgonjwa na mzima inaweza kuwa ni matokeo ya ugonjwa, na pia huenda mmoja alikuwa anakula tofauti tangu kabla ya kuambukizwa. Isotopu peke yake haitakwambia kipi kilitangulia.

*Inamfaa* anayefanya kazi na vimelea vyenye mwili wa kutosha, anayeweza kukusanya jozi nyingi mahali pamoja, na anayekubali kujibu swali la "anatofautianaje na mwenyeji wake" badala ya "yupo ngazi ya ngapi".

Isotopu za asidi amino moja moja

*Inachojibu.* Hii inagawanya kile ambacho njia ya pili imekichanganya. Protini ina asidi amino nyingi, na kila moja ina tabia yake. Asidi glutamiki hupanda sana kila mnyama anapomla mwingine, takribani 8 kwa elfu, kwa sababu nitrojeni yake hubanduliwa na kupachikwa upya mara kwa mara. Fenilalanini haibadiliki karibu kabisa, takribani 0.4 tu, hivyo hubeba alama ya maji na mimea midogo mlo ulikoanzia. Mwaka 2009 Yoshito Chikaraishi na wenzake wa Japani walitumia tofauti kati ya hizo mbili, yaani 7.6 kwa kila ngazi, kukadiria ngazi ya mlo bila kuhitaji kupima planktoni ya eneo.

Kwa Ziwa Victoria faida yake inaonekana papo hapo. Ghuba ya Winam na maji makuu zinaweza kuwekwa kwenye jedwali moja, kwa kuwa fenilalanini ya kila samaki imebeba habari ya maji yake. Kwa kimelea kuna faida ya ndani zaidi. Fenilalanini ya tegu ikilingana na ya dagaa wake, chanzo ni kimoja. Asidi glutamiki ya tegu isipopanda juu ya ya dagaa, basi inaelekea ameipokea tayari bila kuivunja. Ikipanda, kuna usindikaji unaofanyika ndani ya tegu. Hayo ni majibu mawili tofauti, na ile namba moja ya mwili mzima isingeyatenganisha.

*Muda.* Sawa na njia ya pili: wiki hadi miezi, kwa kufuata kiungo.

*Sampuli.* Zaidi ya ile ya mwili mzima, kwa kawaida miligramu kadhaa za nyama kavu. Nyama hupikwa kwenye asidi kali ya hidrokloriki kwa takribani nyuzi 110 kwa saa nyingi ili protini ivunjike, kisha asidi amino zinabadilishwa kikemikali ziweze kupita kwenye mashine ya gesi. Katika kupikwa huko triptofani hupotea, na glutamini hugeuka kuwa asidi glutamiki, kwa hiyo unachokisoma kama asidi glutamiki ni zote mbili pamoja. Ligula anafaa. Lava mmoja wa isopodi hafai.

*Gharama.* Kubwa, mara kadhaa ya kipimo cha mwili mzima kwa kila sampuli, na kazi ya maabara ni ya siku nyingi. Mara nyingi itabidi sampuli zisafiri nje ya nchi. Hapo kuna vibali vya utafiti, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, pamoja na vibali vya kusafirisha sampuli za viumbe. Anza mapema sana. Wapo wanafunzi waliomaliza uchambuzi wa takwimu wa sura nyingine zote wakisubiri sampuli za sura moja.

*Inapopotosha.* Ile 7.6 nayo imetokana na wanyama wanaokula kwa kumeza. Ukiitumia kwa tegu kumpa "ngazi" yenye desimali, umerudia kosa la 3.4 kwa mashine ghali zaidi. Kwa kimelea kisicho na utumbo, zisome asidi amino moja moja, na uache fomula ya ngazi kwa samaki. Na kwa kuwa bei inabana idadi, watu hupima jozi tano au sita kisha wakazungumzia ziwa zima. Kwa maoni yangu, kipimo chepesi chenye jozi nyingi kinazidi kipimo kizito chenye jozi chache, isipokuwa pale swali linapohusu hasa usindikaji wa asidi amino.

*Inamfaa* mwenye mshirika wa kudumu kwenye maabara yenye uzoefu, mwenye swali la kifiziolojia, au anayelinganisha maeneo yenye maji tofauti.

Kidogo kuhusu kuweka alama

Sijaiweka kwenye mizani njia ya kumlisha samaki chakula kilichoongezwa kaboni-13 au nitrojeni-15 kisha kufuatilia alama inavyomfikia tegu, kwa sababu inahitaji samaki wa kufugwa walioambukizwa kwa mpango. Ulaya kuna jozi inayofaa sana kwa kazi hiyo: Schistocephalus solidus, ndugu wa Ligula, na samaki mdogo wa miiba mitatu, Gasterosteus aculeatus. Wote wawili hutunzwa maabara, na tegu huyo hufikia uzito unaokaribiana na wa samaki anayembeba. Njia hiyo ndiyo inayoonyesha kasi, yaani chakula cha leo kinamfikia tegu baada ya muda gani, jambo ambalo vipimo vya asili hukisia tu. Mwenye matangi na subira ya kuwaambukiza samaki kopepodi kwa kopepodi, aifikirie.

Kwa hali yako

Ukiwa unachunguza isopodi wanaohama kwenye miamba ya Mafia, Watamu au Unguja na swali lako ni wanawauma samaki gani, chukua DNA. Ukitaka kujua mwili wa isopodi aliyekomaa umejengwa na damu ya samaki wa aina gani katika milo yake yote mitatu, ongeza isotopu za mwili mzima kwa waliokwisha kuyeyusha mlo, na ukusanye damu ya samaki wanaowezekana kuwa wenyeji.

Ukiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye Ligula na dagaa, friza moja na bajeti ya kawaida, isotopu za mwili mzima zitakutosha. Kaa kwenye eneo moja la ziwa. Kwa kila dagaa mwenye tegu chukua tegu, mnofu na ini, na utafute dagaa asiye na tegu wa urefu uleule aliyevuliwa usiku uleule. Chukua na planktoni. Andika matokeo kama tofauti kati ya kila tegu na mwenyeji wake, kwa kila kiungo, na usiigawanye tofauti hiyo kwa 3.4.

Ukiwa na mradi unaovuka ghuba na maji makuu, au unaolinganisha Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, maji ya msingi yatakusumbua kuliko kimelea. Pima wengi kwa mwili mzima, kisha chagua jozi chache za kila eneo kwa asidi amino ili uone kama tofauti ni ya maji au ya mlo. Mpangilio huo wa ngazi mbili hugharimu pungufu sana kuliko kupima asidi amino kwa wote.

Ukiwa na lava wa Contracaecum kutoka Naivasha au Baringo, kwanza jiulize kama anakula. Isotopu zake zinaweza kuwa kumbukumbu ya zamani, hata ya mwenyeji aliyemtangulia sato, na kumlinganisha na mnofu wa leo kutakupa tofauti isiyo na tafsiri moja. Kwa lava hawa ningeanza na hadubini, vipande vya tishu na hesabu ya maambukizi, na isotopu ningezipeleka kwa minyoo wazima walio kwenye tumbo la ndege, kama kibali na njia ya kuwapata bila kuwaua ndege kwa ajili hiyo vipo.

Ukiwa na sampuli za zamani zilizolowekwa kwenye fomalini, kama zilivyo nyingi kwenye makabati ya taasisi zetu, DNA itakuwa ngumu na kaboni itakuwa imeguswa. Nitrojeni huathirika kwa kiasi kidogo kuliko kaboni, lakini haiko salama kabisa. Tafuta kwanza sampuli mpya za spishi ile ile, zigawanye, nusu uzigandishe na nusu uziloweke kwa njia iliyotumika zamani, upime zote. Tofauti utakayoipata ndiyo itakayokuambia kama kabati lile linaweza kutumika.